Mtumiaji mpya anakwama wapi? Jinsi ya kupanga dakika zake za kwanza kwenye apu yako

Siku tuliyoelewa kwamba tumekosea tulikuwa dukani kwa mama mmoja Mbagala, Dar es Salaam. Apu yetu ni ya daftari la madeni, yaani mwenye duka anaandika nani kachukua nini na anadaiwa shilingi ngapi, kitu rahisi tu. Tukamwekea kwenye simu yake akaanza kujaza, jina, jina la duka, mkoa, wilaya, namba ya simu, akafika pale pa kuingiza zile namba sita zinazokuja kwa meseji, hapo hapo akaingia mtoto anataka sukari robo, nyuma yake kuna mtu wa vocha, akawahudumia, kurudi kwenye simu zile namba zimeshaisha muda na apu imerudi mwanzo kabisa inamuuliza jina upya. Hakulalamika. Aliiweka simu pembeni ya mzani, akavuta daftari lake la karatasi lenye peni iliyofungwa kwa uzi, akaandika "Baba Asha 3,500" na kazi ikaendelea.

Hilo daftari la karatasi ndo unashindana nalo, na halimuulizi mtu wilaya yake.

Kwahiyo kabla hujachora skrini hata moja, jiulize ni kitendo gani kimoja ambacho mtu akishakifanya anajisemea "kumbe, hii inanifaa". Kwetu sisi ni kuandika deni la kwanza na kuona jumla imetokea juu yenyewe. Sio kujisajili, sio kuweka picha ya duka, sio kuangalia ripoti, ripoti ya nini wakati hajaandika kitu? Ukishakijua hicho kitendo chukua karatasi, andika kila skrini na kila sehemu ya kujaza iliyopo kati ya kufungua apu na kukifikia. Sisi tulikuta skrini 11. Kila moja ukiitetea kivyake inaonekana ina maana, huyu wa mauzo anataka mkoa, huyu wa sapoti anataka jina kamili, lakini anayezibeba zote ni mtu mmoja aliyesimama kaunta na wateja wanamwita. Tukabakiza 3: jina la mdaiwa, kiasi, sevu.

Usajili tukausogeza nyuma. Duolingo, ile apu ya kujifunza lugha, ndo wanavyofanya, unaanza somo kwanza, akaunti inakuja baadaye ukiwa tayari umeshaonja. Kwa upande wa ufundi sio ngumu, unaipa simu utambulisho wa muda, unahifadhi kila kitu ndani ya simu yenyewe (na hii inakusaidia pia bando likiisha), siku mtu akiweka namba yake unahamishia vile vitu kwenye akaunti. Ila usichelewe sana kumuomba, maana akiifuta apu au simu ikaibiwa kabla hajajisajili madeni yote yameenda, na hapo umemuumiza kweli. Sisi tunaomba baada ya deni la tatu na tunamwambia sababu kwa maneno yake: "Weka namba ya simu ili daftari lako lisipotee hata simu ikiibiwa." Watu wakijua kwanini wanatoa kitu, wanatoa.

Hapo kwenye namba ya simu ndo pana kazi ndogondogo nyingi ambazo madeveloper wengi tunazipita. Mtu ataandika 07 au 06, mwingine ataanza na 255, mwingine ataweka na alama ya kujumlisha, mwingine nafasi katikati. Pokea zote, safisha mwenyewe, usimpigie mtu kelele nyekundu kwa sababu ya nafasi. Meseji ya uthibitisho kwenye Android inaweza kusomwa na apu yenyewe bila kuomba ruhusa ya kusoma meseji zake zote, sharti meseji isizidi baiti 140 na ibebe msimbo wa herufi 11 unaoitambulisha apu yako. Fanya hivyo. Na hifadhi alipofikia kwa kila hatua, kwa sababu simu za bei nafuu zina memori ndogo, mtu akitoka kwenda kusoma meseji mfumo unaiua apu yako kule nyuma, akirudi anakuta mwanzo. Ile ya Mbagala ilikuwa ni hiyo hiyo.

Kuhusu namba ya siri. Huku kwetu watu wamezoea tarakimu nne tangu M-Pesa iingie, Kenya 2007 na Tanzania 2008, kwahiyo ukimlazimisha mtu paswedi yenye herufi kubwa na alama unamtesa bure. Lakini kuna hatari ambayo lazima uichukulie kwa uzito: ukiandika tu "weka namba ya siri", wapo watakaoingiza ile ile ya pesa za simu, na wapo watakaoogopa wakadhani ni matapeli, na wana haki ya kuogopa. Waambie waziwazi pale pale kwenye skrini: "Chagua namba mpya ya kufungulia daftari. Usitumie ile ya pesa zako."

Ruhusa za simu nazo usizirundike mwanzoni. Apu imefunguka tu, inataka majina ya simu, inataka mahali ulipo, inataka kamera, mtu hajui hata ni apu ya nini. Omba majina ya simu pale anapobonyeza "chagua mdaiwa kutoka kwenye simu", atakubali kwa sababu ameliomba mwenyewe. Na kumbuka tangu Android 11 mtu akikataa ruhusa ile ile mara mbili mfumo hautamuuliza tena, mpaka aende mwenyewe kwenye mipangilio, na nani anaenda huko? Kwahiyo una nafasi mbili tu, usizitupe.

Maneno. Hapa nina hisia kali kidogo, maana naona apu za Kiswahili zimeandikwa kama fomu ya halmashauri. "Wasilisha taarifa." "Ongeza ingizo jipya." Mwenye duka haongei hivyo! Anasema andika deni, kalipa, bado, punguza. Kaa dukani nusu saa usikilize halafu andika vitufe vyako kwa hayo maneno. Yetu ilikuwa "Ongeza mkopo" na mama mmoja akadhani tunamkopesha hela, tukabadilisha ikawa "Andika deni" na maswali yakaisha.

Skrini tupu nayo ni mtego. Usimwandikie "Hakuna data". Sisi tulijaribu kuweka mfano, Juma anadaiwa 10,000, ili aone daftari likijaa linakuwaje, dada mmoja akaanza kuhangaika kumkumbuka huyo Juma ni yupi na alichukua nini. Usiweke hela za uongo kwenye daftari la mtu. Swali moja linatosha: "Nani ana deni dukani kwako leo?" na kitufe chini yake. Zile picha za kutelezesha zinazoeleza apu inafanya nini tulizitoa zote, watu walikuwa wanazipitisha haraka bila kusoma.

Akishaandika deni la kwanza bado hujamaliza, kuna kesho. Sisi ujumbe wa kumkumbusha tulikuwa tunautuma saa nne asubuhi wakati duka limejaa, ukawa unafutwa tu, tukausogeza usiku wakati anafunga hesabu. Alafu pima vitu vitatu basi: kati ya walioinstoli wangapi waliandika deni la kwanza, wangapi walirudi kesho yake, wangapi wapo bado siku ya saba. Idadi ya waliojisajili haikuambii kama kuna mtu amesaidika.

Namba zitakuonyesha wanakwamia skrini gani, ila kwanini wanakwama utaijua ukikaa nao. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama mifumo ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano kunatosha kuibua matatizo mengi, na watano unawapata kwenye mtaa mmoja. Nenda saa ambayo kuna wateja, usiende mchana duka limepoa. Mpe simu yake mwenyewe, sio yako mpya yenye kasi, mwambie "andika deni la mtu yeyote" alafu nyamaza, mikono nyuma. Itakuwasha kumwelekeza, vumilia. Pale atakapoinua macho akutazame wewe badala ya skrini, andika ni skrini gani, ndo ya kuanza kurekebisha usiku huo.