Sasisho la mapema si lazima liwe dalili ya mfumo mbovu
Ukiona sasisho la .1, yaani lile dogo la kwanza la marekebisho, limetoka siku chache tu baada ya mfumo mpya wa simu, usikimbilie kuulaumu mfumo huo. Fungua Mipangilio, gusa maelezo ya sasisho, usome linarekebisha nini. Toleo la kwanza la mfumo hukamilishwa mapema ili lipakiwe kwenye vifaa vipya viwandani. Hitilafu zinazogunduliwa baada ya hapo husubiri sasisho, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mimi hushtuka nikikuta maelezo yakitaja "kupotea kwa data". Njia hii haifai maelezo yakisema "maboresho ya jumla" tu, au sasisho lenyewe likiwa bovu: iOS 8.0.1 (sasisho la mfumo wa iPhone) ya Septemba 2014 ilikata mtandao wa simu kwenye iPhone 6, ikaondolewa siku hiyohiyo. Kwa hiyo subiri siku mbili tatu kabla ya kupakua.