SOMO: Namna kome wa kijani wanavyofugwa kwenye kamba huko Kasaragod, kaskazini mwa Kerala

Ndugu wanajamvi, swali la namna watu wa pwani ya Malabar, huko Kerala kusini-magharibi mwa India, wanavyofuga kome limerudi tena, na kila mara ninalijibu vipande vipande katika mada za watu wengine. Leo naliandika lote mahali pamoja ili atakayeuliza kesho aelekezwe hapa.

Ninayemzungumzia ni kome wa kijani, Perna viridis, ambaye wenyeji humwita kallummakkaya. Mbinu ya kumfuga iliendelezwa na watafiti wa CMFRI, taasisi ya serikali ya India ya utafiti wa uvuvi wa baharini yenye makao makuu Kochi. Katikati ya miaka ya 1990 ilishika mizizi Padanna na Cheruvathur, wilaya ya Kasaragod, na walioifanya iwe riziki ya kutegemewa ni vikundi vya wanawake wanaokopa na kufanya kazi pamoja.

Kabla ya hatua yoyote, ielewe kalenda. Pepo za kusi huingia Kerala na mvua kubwa mwanzoni mwa Juni. Mito hufurika, na maji ya midomoni mwa mito, yaliyokuwa ya chumvi kali tangu Desemba, hugeuka kuwa karibu matamu. Kome aliyekwisha kushika kamba hana pa kukimbilia. Hufunga magamba yake, huvumilia siku chache, kisha hufa. Kwa sababu hiyo kazi nzima, kuanzia kupanda hadi kuvuna, lazima ikae kati ya Novemba na Mei, na anayechelewa kupanda hupunguza ukubwa wa kome wake, kwa maana mvua haitamsubiri.

Hatua ya 1: Mahali. Chagua mdomo wa mto au hori iliyokingwa na mawimbi, yenye mkondo wa wastani, kina kisichopungua mita 1.5 maji yanapokupwa, na chumvi ya gramu 27 hadi 35 kwa kila lita ya maji. Kaa mbali na mifereji ya maji taka.

Hatua ya 2: Chanja, yaani jukwaa la kutundikia kamba. Kita nguzo za mianzi au za mvinje kwenye tope, kisha funga miti ya kulala juu yake.

Hatua ya 3: Mbegu. Kome wadogo wa milimita 15 hadi 25 hubanduliwa kwenye miamba ya baharini baada ya mvua, kuanzia Septemba au Oktoba. Usiukwangue mwamba ukaubakiza mtupu, kwa sababu watu wengine wanaishi kwa kuvuna kome walewale wa miambani, na ugomvi kati ya wafugaji na wavunaji hao ni jambo la kweli.

Hatua ya 4: Kuifunga mbegu kwenye kamba. Hapa ndipo mazao mengi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Tumia kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 12 hadi 14. Kata kitambaa cha chandarua cha pamba chenye upana wa sentimita 20 hadi 25, kitandaze, laza kamba katikati, panga mbegu kuizunguka kamba kwa kiasi cha gramu 500 hadi 750 kwa kila mita, kisha kunja kitambaa na ukishone kwa mkono kwa mshono mrefu kuanzia juu hadi chini. Ndani ya maji kome hutoa nyuzi zake na kujishikiza kwenye nailoni, huku pamba ikioza taratibu na kuondoka yenyewe. Ufundi wote umo katika kulinganisha mambo hayo mawili. Kitambaa kisicho cha pamba hakiozi, nacho huwabana kome wanapokua. Ukishona kwa kulegeza, mbegu yote huteremka na kujilundika chini kama soksi iliyojaa mchanga. Wa ndani hukosa maji na kufa, na wakioza huwaharibu na wenzao. Ukikaza kupita kiasi, hawawezi kufunua magamba. Kipimo ninachokiamini ni cha vidole: kitambaa kikibanwa, mbegu isogee kidogo lakini isishuke. Pitisha pia vijiti vifupi vya mianzi katika kamba, kila baada ya sentimita 25 hivi, vizuie kome wasiteleze watakapokuwa wazito. Kazi hii ifanyike kivulini, mbegu ikiwa imefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na kamba ziingie majini siku hiyohiyo. Usiache mbegu ndani ya ndoo ya maji yaliyosimama, kwa sababu humaliza hewa upesi kuliko unavyodhani. Wiki ya kwanza usiinue kamba kwa pupa ili kuchungulia. Anza na moja tu, ya pembeni, na uiinue bila kuitikisa.

Hatua ya 5: Kutundika. Chanja la mita 5 kwa 5 hubeba kamba 100 za mita moja moja. Ncha ya chini isiguse tope kamwe, maana kaa hupandia hapo.

Hatua ya 6: Kutunza. Kagua kila baada ya siku chache, ondoa mwani na kaa, na kaza miti iliyolegea. Kamba ikijaa mno, punguza kome na uwafunge kwenye kamba mpya.

Hatua ya 7: Kuvuna. Baada ya miezi mitano hivi kome hufikia milimita 70 hadi 80, na mita moja ya kamba iliyotunzwa vizuri hutoa kilo 10 hadi 12. Maliza kabla ya Mei kuisha.

Hatua ya 8: Kusafisha. Walaze kwa saa 24 ndani ya maji safi ya bahari yanayobadilishwa, wateme tope na uchafu, kisha waoshe. Hatua hii haina mbadala.

MASWALI YA WANAJAMVI

Mvuvi wa Tanga: Mwalimu, kamba ni ya aina gani na unene gani?

Jibu: Imeandikwa katika hatua ya 4. Tafadhali soma kwanza.

Baba Zuhura: Nina vyandarua vingi vya nyumbani vilivyochakaa. Si nitumie hivyo tu?

Jibu: Hapana. Vyandarua vinavyogawiwa siku hizi kwa kawaida si vya pamba, kwa hiyo haviozi, na vimetiwa dawa ya kuua wadudu ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Utakuwa umewavisha kome sumu, na wewe ndiye utakayewauza kwa watu. Nimeandika pamba, na nilimaanisha pamba.

Bi Mwanaidi: Ahsante kwa somo. Sijaona mahali ulipotaja chakula. Kome hawa hulishwa nini?

Jibu: Dada, umeuliza swali zuri. Hawalishwi kitu. Kome huvuta maji ndani ya mwili wake, huchuja vijimea vidogo mno vinavyoelea, kisha huyatoa maji hayo. Hii ndiyo faida yake kwa mtu asiye na mtaji wa chakula cha mifugo, na ndiyo hatari yake pia, kwa sababu huchuja kila kilichomo. Vijidudu vya maji taka hupungua kwa kusafisha na kupika, lakini ipo sumu inayotokana na baadhi ya vijimea vya bahari ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 1981 watu watatu walikufa Tamil Nadu kwa sumu ya namna hiyo baada ya kula kombe, jamaa ya kome waishio mchangani. Bahari ikibadilika rangi, uvunaji usimame hadi maji yapimwe.

Kijana wa Mtwapa: Naweza kuagiza mbegu kutoka Kerala nikapande huku?

Jibu: Usifanye hivyo, na sitakuelekeza njia. Kome huyu alionekana Trinidad, bahari isiyo yake, mwaka 1990, na mwaka 1999 akaonekana Tampa Bay huko Florida, akaziba mabomba ya kupoozea mitambo na kushindana na chaza wa hapo. Mbinu ya kamba unaweza kuijaribu kwa viumbe wa pwani yako mwenyewe, baada ya kuzungumza na maofisa wa uvuvi.

Kijana wa Mtwapa: Mbona mkali? Nimeuliza tu.

Jibu: Kuuliza si kosa, ndugu yangu. Nimejibu kwa mkazo kwa sababu mbegu ikishaingia baharini hakuna wa kuirudisha.

Mama Salha: Na kombe wa mchangani, Kerala wanawafuga pia?

Jibu: Kwa kiasi kikubwa wanavunwa tu. Mfano bora ni ziwa la Ashtamudi, karibu na Kollam, ambako wavuvi huwatafuta kwa mikono, kwa miguu na kwa chekecheke za kukokota kutoka mtumbwini. Mavuno yaliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaliwekwa masharti: kuanzia Desemba hadi Februari, kombe wanapozaana, hakuna kuvuna, na nyavu zisiwe na matundu madogo kuliko milimita 30 ili wachanga wapite. Mwaka 2014 uvuvi huo ukawa wa kwanza nchini India kupata cheti cha uvuvi endelevu cha MSC, shirika la kimataifa linalokagua namna uvuvi unavyoendeshwa. Ninaupenda mfano huu kwa sababu wavuvi wenyewe wameketi katika baraza la usimamizi pamoja na watafiti na maofisa.

Bi Mwanaidi: Samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada. Wenyewe huko wanawapikaje?

Jibu: Karibu, dada. Pika arikkadukka. Loweka mchele, usage pamoja na nazi, vitunguu vidogo na shamari hadi upate donge zito. Fungua kome mbichi bila kutenganisha magamba, ondoa nyuzi zake, jaza donge hilo, uwapike kwa mvuke, kisha toa magamba, paka pilipili, manjano na chumvi, na uwakaange. Nyuzi zile zivute kuelekea upande wa bawaba ya gamba. Ukizivuta kwa upande mwingine utachana nyama.