Programu-jalizi za Godot 4: kusakinisha, kusimamia na kuandika yako

Kihariri cha Godot, injini ya kutengenezea michezo ya kompyuta, hutafuta programu-jalizi (viongezo vya kihariri) mahali pamoja tu: folda ya addons iliyo kwenye mzizi wa mradi, yaani res://addons/. Kila moja hukaa ndani ya folda yake yenye faili la plugin.cfg.

Njia nyepesi ya kusakinisha ni kichupo cha AssetLib kilicho juu ya kihariri: tafuta, pakua, kisha bonyeza Install. Kabla ya kuthibitisha, kagua orodha ya faili. Ondoa tiki kwenye README na picha za mfano, kwani huwa zinamwagwa kwenye mzizi wa mradi bila kazi yoyote.

Ukipakua zipu kutoka GitHub, mara nyingi utakuta folda ya nje yenye jina linaloishia na -main, na addons iko ndani yake. Nakili kilichomo ndani ya hiyo addons peke yake, ukiweke kwenye res://addons/. Ukiiweka folda nzima ilivyo, faili zipo lakini kihariri hakizioni mahali kinapozitafuta.

Kisha fungua Project > Project Settings > Plugins, uweke tiki kwenye Enable. Isipokuwemo kwenye orodha, kagua kwanza njia ya folda. Ikiwemo lakini inatoa makosa mengi, huenda iliandikwa kwa Godot 3. Dalili ni neno tool lisilo na alama ya @ kwenye mstari wa kwanza wa skripti. Usihangaike kuirekebisha, tafuta toleo la 4.

Kuiondoa kuna utaratibu: toa tiki kwanza, ndipo ufute folda. Kama maonyesho yako (scenes) yanatumia nodi (vipande vinavyounda onyesho) zilizoletwa nayo, zibadilishe kabla ya kufuta, la sivyo hazitafunguka vizuri.

Programu-jalizi ikiangusha kihariri kila unapofungua mradi, kifunge, fungua project.godot kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, na chini ya [editor_plugins] futa njia yake kwenye mstari wa enabled. Kuanzia 4.4 unaweza pia kufungua mradi kwa chaguo la mstari wa amri --recovery-mode, ambayo huzima programu-jalizi zote.

Sasa kuandika yako. Kwenye kichupo kilekile cha Plugins bonyeza Create New Plugin, ujaze jina na folda, plugin.cfg na skripti vitatengenezwa. Mfano huu, wa 4.2 na kuendelea, huongeza amri ya kuhesabu nodi za onyesho lililo wazi:

```
@tool
extends EditorPlugin

const JINA = "Hesabu nodi"

func _enter_tree():
	add_tool_menu_item(JINA, _hesabu)

func _exit_tree():
	remove_tool_menu_item(JINA)

func _hesabu():
	var mzizi = EditorInterface.get_edited_scene_root()
	if mzizi == null:
		print("Hakuna onyesho lililo wazi")
		return
	print(mzizi.find_children("*").size() + 1)
```

Iwashe, na amri itaonekana kwenye Project > Tools.

Wengi hukwama kwenye @tool, alama inayoruhusu skripti kukimbia ndani ya kihariri. Ikikosekana kwenye skripti kuu, kihariri kitakataa kuiwasha na kusema haiko katika "tool mode". Ikikosekana kwenye skripti nyingine unayoitegemea, hali ni mbaya zaidi: kodi yake haitekelezwi ndani ya kihariri, nawe utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Kanuni ya pili: kila ulichoongeza ndani ya _enter_tree, kiondoe ndani ya _exit_tree. Ukisahau, kuzima na kuwasha tena kutaacha menyu au paneli mbili, na ile ya zamani itaita kodi isiyokuwepo. Paneli uliyoiunda mwenyewe haitoshi kuiondoa kwenye kihariri. Iitie pia queue_free(), vinginevyo inabaki kwenye kumbukumbu.

Autoload (skripti au onyesho linalopakiwa lenyewe mchezo unapoanza) isajili ndani ya _enable_plugin na uifute ndani ya _disable_plugin. Hizi hukimbia mtumiaji anapoweka au kutoa tiki tu, ilhali _enter_tree hukimbia kila mradi unapofunguliwa.

Ukibadilisha skripti kuu, zima na uwashe tena programu-jalizi. Wakati mwingine inabidi Project > Reload Current Project. Na uhifadhi kazi kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya faili) kwanza: skripti ya @tool hugusa onyesho lenyewe, na si kila badiliko linarudi kwa Ctrl+Z.