Feni ya Kompyuta Inayopiga Kelele: Isikilize Kabla ya Kuifungua

Kompyuta uliyoiunganisha mwenyewe huwa na feni nne au tano: ya prosesa, ya kadi ya picha, ya pawa saplai, na moja au mbili za kasha. Ikianza kupiga kelele, watu wengi wa Mtwara na Lindi huagiza feni mpya Dar es Salaam siku hiyohiyo. Haraka ya nini? Kwa hewa yetu ya bahari, mara nyingi feni haijafa. Imekauka mafuta tu, au imeshiba vumbi lenye chumvi.

Viringisha karatasi ngumu iwe bomba, weka ncha moja sikioni, ncha nyingine uielekeze kwenye feni moja moja bila kugusa mapanga. "Tak-tak-tak" inayokwenda na kasi ya feni ni waya unaogongwa. Ufunge pembeni, kazi imekwisha. Mkwaruzo wa asubuhi unaopungua mashine ikishapata moto ni beringi kavu. Mngurumo unaonyamaza ukikandamiza kasha kwa kiganja ni mtetemo, na feni yenyewe ni nzima. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaokuja ukifungua gemu zito, si wa feni kabisa. Hizo ni koili za kadi ya picha au za pawa saplai, na hakuna mafuta yatakayozinyamazisha.

Kelele ikitoka kwenye pawa saplai, usiifungue. Kapasita za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpelekee fundi wa elektroniki au badilisha pawa saplai nzima.

Sasa vumbi. Chumvi huanza kuyeyuka kwa kunyonya maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, na pwani hiyo si habari ngeni. Vumbi likikutana nayo hugeuka tope jembamba linaloganda kwenye ukingo wa mapanga. Likizidi upande mmoja, feni hupoteza uwiano na kutetemeka. Anayeishi jirani na wachoma korosho ana mzigo wa ziada, maana moshi wa yale maganda una mafuta. Ndiyo sababu kupuliza peke yake hakutoshi huku kwetu. Zima, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Sugua kwa mswaki mkavu, kisha futa kila panga pande zote mbili kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo. Ukitumia blowa, zuia mapanga kwa kidole: feni inayozungushwa kwa upepo mkali huumia beringi, tena huzalisha umeme unaoweza kurudi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta.

Ikiwa mkwaruzo bado upo, tia mafuta. Ng'oa feni kwa bisibisi ya nyota. Ya prosesa, toa feni tu na uache hitisinki, lile pande la chuma la kupoza prosesa, mahali pake. Ukiinyanyua, itabidi ufute pesti ya zamani ya kupitisha joto na kuweka mpya, kiasi cha punje ya mbaazi. Upande wenye waya kuna karatasi ya nembo. Ibandue polepole kwa ukucha. Chini yake utakuta kizibo kidogo cha mpira au moja kwa moja ncha ya ekseli, mara nyingi imezungukwa na uchafu mweusi kama masizi ya sufuria. Ufute kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, subiri ikauke, kisha dondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani kwa bomba la sindano. Mawili, si matano. Yakizidi yatarushwa nje na kukusanya vumbi upya. Zungusha kwa mkono kwa dakika moja. Kabla ya kurudisha nembo, futa mafuta pembeni, la sivyo gundi haitashika. Ikigoma, tumia selotepu.

Mafuta ya kupikia huwa ulimbo. Ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai unafika huko. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu huosha hata mafuta yaliyokuwa yamebaki; utafurahi siku chache tu, kisha kelele itarudi mbaya zaidi. Feni isiyo na kizibo wala tundu usiitoboe.

Shika kitovu cha feni ukitikise. Kucheza kidogo mbele na nyuma ni kawaida. Kikiyumba kushoto na kulia, bushi, yaani beringi ya ndani, imelika: nunua feni nyingine. Pima fremu kwa rula: ya milimita 120 matundu yake ya skrubu yameachana milimita 105, na unene wa kawaida ni 25. Hesabu pia pini za plagi. Feni ya pini tatu ikichomekwa kwenye mazabodi iliyowekwa PWM (njia ya kudhibiti kasi ya feni za pini nne) itakimbia kwa kasi yote bila kupumzika. Ingia BIOS, menyu ya mipangilio ya mazabodi, uibadilishe iwe DC (kudhibiti kasi kwa volti). Humohumo unaweza kupunguza kasi: ukipunguza asilimia 20, kelele hushuka karibu desibeli 5, ila hewa nayo hupungua asilimia 20. Chumba kikiwa na nyuzi 32, prosesa haiwezi kushuka chini ya hapo, kwa hiyo pima joto ikiwa kazini na usiiache ipite nyuzi 85.

Kwa mtetemo, kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, toboa katikati, viweke kati ya feni na bati kwenye kila skrubu. Usikaze hadi mpira ukabanwa kabisa.

Ukimaliza, washa kifuniko kikiwa wazi, iache nusu saa, kisha sikiliza tena kwa bomba lilelile la karatasi.