Kutoka uwanja wa shule Kigoma hadi mpira wa kikapu wa kulipwa

Anza na vipimo. Ringi ikae mita 3.05 kutoka chini; ikifungwa chini zaidi, mkono unazoea upinde mbaya na mechi rasmi itakuumbua. Mstari wa mtupo huru uchore mita 4.6 kutoka ubaoni. Wavulana wakubwa watumie mpira namba 7, wasichana namba 6.

Uwanja wa udongo Ujiji au Mwanga unatosha kwa kurusha. Kudunda kufanyie kwenye saruji, maana kwenye changarawe mpira unaruka ovyo nawe unazoea kuukodolea macho badala ya kuangalia wenzako. Rusha mara 200 kwa siku, mita moja na nusu kwanza, ukirudi nyuma pale tu unapofunga 7 kati ya 10. Vijana wengi hukimbilia pointi tatu mapema, nguvu hazitoshi, wanasukuma mpira kwa bega, na tabia hiyo kuifuta ni kazi kweli kweli. Goti likiuma chini ya kifuniko, punguza kuruka.

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ndiyo nafasi yako ya kuonekana nje ya mkoa. Usiache masomo: Mtanzania Hasheem Thabeet alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, na vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari.

Wakala akikuahidi klabu ya nje, dai leseni yake ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, kabla ya kutoa hata shilingi.