Jinsi ya kuchagua lugha ya kigeni ya kufundisha katika shule ya msingi

Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ulioanza kutumika Januari 2024, unaipa shule ya msingi nafasi ya kufundisha Kifaransa, Kiarabu au Kichina kama somo la kuchagua kuanzia darasa la tatu, mbali na Kiswahili na Kiingereza. Kenya nayo, katika mtaala wa umilisi, iliziweka lugha hizo tatu pamoja na Kijerumani kuwa za kuchagua kuanzia gredi ya nne. Ni nafasi njema, na mtoto wa shule ya serikali anaistahili sawa na mwenzake wa shule ya ada kubwa.

Kosa huanza kamati ya shule inapokaa na kujadili lugha gani ina soko. Zote zina soko. La kuamua kwanza ni nani atasimama darasani tangu darasa la tatu hadi la sita bila kukatika, na mtoto akimaliza hapo ataendelea wapi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, baada ya kupima Kiswahili cha watoto, na hesabu zake zimepigwa kwa ratiba ya Tanzania.

Anza kwa kupima Kiswahili

Fungua daftari la mahudhurio la darasa la tatu, uchukue kila jina la tano mpaka upate wanafunzi kumi kwa kila mkondo. Usiwachague walio hodari. Kila mmoja asome peke yake kifungu cha maneno 60 ambacho hajawahi kukiona, kwa dakika mbili, kisha ajibu maswali matatu. Wakifika mwisho na kujibu maswali mawili watoto saba kati ya kumi, endelea. Wakiwa pungufu, vipindi ulivyotaka kuvipa lugha ya kigeni vipeleke kwenye kusoma, na upime tena mwakani.

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza hakisomwi hivyo, na Kifaransa kina kanuni zake nyingine kabisa kwa herufi zilezile. Mtoto ambaye bado anahangaika na silabi za Kiswahili akiongezewa mfumo wa tatu huanza kubahatisha katika zote.

Mwalimu ndiye nusu ya uamuzi

Usitosheke na cheti. Mpe kila mwalimu anayependekezwa majaribio matatu siku moja. La kwanza, mazungumzo ya dakika 15 na mtu anayeijua lugha hiyo vizuri, hata kwa simu. La pili, asome kwa sauti kurasa mbili za kitabu cha kiada asizoandaa. La tatu, afundishe dakika 20 darasa la tatu halisi, bila kutafsiri kila sentensi kwa Kiswahili. Jaribio la tatu ndilo linalofichua mengi: wako wanaoijua lugha lakini kipindi kizima wanaandika orodha ya maneno ubaoni na watoto wananakili kimya. Darasa la namna hiyo litajua kuandika "bonjour" na halitajua kumwamkia mtu.

Kiwango cha chini kwa mwalimu ni B1 katika ngazi za lugha za Ulaya, zinazopanda kutoka A1, A2, B1, B2 hadi C2, au kinacholingana nacho; B2 ni bora zaidi. Chini ya hapo hawezi kusahihisha matamshi, na makosa ya matamshi yaliyokaa mdomoni kwa miaka minne ni kazi kubwa kuyatoa.

Kisha uliza: akihamishwa, akienda masomoni au likizo ya uzazi, nani anashika kipindi? Lugha yenye mwalimu mmoja tu haijawa tayari kuanza. Tafuta wa pili, hata kama ni wa shule jirani katika kata hiyohiyo, mkubaliane na mwalimu mkuu wake kwa maandishi. Wa kujitolea apangiwe kusaidia mazungumzo na nyimbo, asibebeshwe somo. Walimu wanaotoka China kupitia Taasisi za Confucius, vituo vya kufundisha Kichina vilivyopo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, wana faida kubwa kwa matamshi, lakini kwa kawaida huja kwa muda maalumu na kuondoka. Shule ikiwategemea wao peke yao, darasa hubaki na vitabu bila mwalimu.

Fuatilia wanakokwenda

Chukua orodha ya wahitimu wa miaka mitatu iliyopita na shule za sekondari walizopangiwa. Piga simu kwa mtaaluma wa kila shule iliyopokea watoto wako wengi, umuulize kama lugha hiyo ipo kwenye ratiba ya Kidato cha Kwanza, ina walimu wangapi, na mwaka jana wanafunzi wangapi walisajiliwa kuifanyia mtihani wa Kidato cha Nne. Jibu la swali la tatu ndilo la kuamini. Somo linaweza kuwa kwenye orodha ya shule na lisiwe na mtahiniwa hata mmoja.

Kama hakuna sekondari inayoendeleza, si lazima uache, ila mtoto atoke na kitu mkononi. Kwa Kifaransa kuna mtihani wa DELF Prim wenye ngazi A1.1, A1 na A2, uliotungwa kwa watoto. Kwa Kichina kuna YCT yenye ngazi nne, ya kwanza ikiwa na maneno 80 na ya nne 600. Ulizia ada na kituo kabla ya kuwaahidi wazazi chochote.

Hesabu ya saa

Mwaka wa masomo una siku 194, yaani karibu wiki 39. Ondoa mitihani, sikukuu na UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), panga kwa wiki 34. Vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki ni saa 2, kwa mwaka saa 68, kwa miaka minne saa 272. Kwa Kifaransa, saa hizo zikitumika vizuri zinamfikisha mtoto A1 imara na mara nyingi kuingia A2. Kwa Kichina, ambako kuna kuandika alama pamoja na kusema, lengo la kweli ni ngazi ya pili au ya tatu ya YCT.

Kipindi kimoja kwa wiki ni saa 23 tu kwa mwaka. Hakifai, mtoto husahau kati ya Jumanne na Jumanne. Viwe siku tatu tofauti, visiunganishwe kuwa kipindi pacha, na visiwe vyote vya mwisho wa siku.

Kila lugha na mahali inapokwama

Kifaransa kinakaa vizuri Kigoma na Kagera, kwa sababu ya Burundi na Kongo, na kwenye miji ya utalii. Tangu 2021 ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kiswahili. Kinachokwama ni irabu: Kiswahili kina tano, Kifaransa kina zaidi ya mara mbili ya hizo. "Tu" na "tout" zitatoka sawa katika mdomo wa mtoto wetu mpaka afundishwe kutoa sauti ya "i" huku midomo imeviringwa kama ya "u". Dakika tano za zoezi hilo kila kipindi katika muhula wa kwanza zinaokoa mengi.

Kiarabu kina mtaji mkubwa Pwani, Tanga na Zanzibar. Sauti za dh, th na gh mtoto anazo tayari, na maneno kama kitabu, kalamu na wakati anayatambua. Ugumu ni kwamba darasa huwa na watoto wa aina mbili: waliopita madrasa, wanaosoma herufi vizuri lakini hawajui maana, na wasiowahi kuona herufi hata moja. Wiki sita za kwanza wagawe makundi mawili: wasiojua herufi wazisome, waliopita madrasa wafanye mazungumzo. Mwalimu wa madrasa anaweza kuwa hodari wa kusomesha Qur'ani na bado asiweze kuongoza mazungumzo ya sokoni. Mpime kama wengine. Na mapema kabisa, mbele ya wazazi wote, eleza kuwa hili ni somo la lugha na si kipindi cha dini, ili mzazi Mkristo asimwondoe mtoto wake na mzazi Mwislamu asitegemee hifadhi ya sura.

Kichina kina mvuto kwa sababu ya biashara na miradi ya ujenzi. Toni ndiyo kazi: "mǎi" ni kununua, "mài" ni kuuza, na mtoto aliyezoea mkazo wa Kiswahili kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hasikii tofauti mpaka sikio lizoezwe. Mwezi wa kwanza uwe wa kusikiliza na kuonyesha toni kwa mkono hewani, kabla ya kuandika alama.

Vitabu

Lenga kitabu kimoja kwa wanafunzi wawili. Mikondo miwili ya watoto 45 inahitaji vitabu 45, pamoja na viwili vya walimu. Fotokopi ziangalie kabla ya kuzigawa: ب na ت hutofautiana kwa nukta tu, na mashine iliyochoka wino huzifuta au huongeza madoa yanayofanana nazo. Kifaransa hupoteza alama za juu ya herufi kwa namna hiyohiyo. Spika moja inayochajiwa na faili za sauti kwenye simu ya mwalimu vinatosha kwa kusikiliza.

Kupiga alama

Kila lugha ipewe alama 100: mwalimu 40, mwendelezo 25, vitabu na vifaa 15, matumizi ya lugha mahali mlipo 10, utayari wa wazazi 10. Isiyopata 20 kati ya 40 za mwalimu iondoke hata kama jumla yake ni kubwa. Tuseme shule ya Kigoma Mjini inakipa Kifaransa 32, 15, 8, 10 na 6, jumla 71, na Kichina chenye mwalimu mmoja wa kujitolea kinapata 14 za mwalimu. Kichina kimeishia hapo, hata kama mkutano mzima ulikishangilia.

Wazazi wasiulizwe wanapenda lugha gani. Waulizwe kama watanunua madaftari mawili kwa mwaka, na kama mtoto atabaki shuleni hapo mpaka darasa la sita.

Anza na darasa la tatu peke yake. Mwezi Mei, mchukue tena kila mtoto wa tano, umwulize kwa lugha hiyo jina lake, umri wake, anakaa wapi na anapenda nini. Nusu yao wakishindwa kujibu mawili, kaa nyuma ya darasa vipindi vitatu mfululizo na uhesabu ni dakika ngapi watoto wanasema wenyewe. Zikiwa chini ya 15 kati ya 40, badilisha ufundishaji muhula wa pili kabla ya kufikiria kubadilisha lugha.