Mtarakwa unakauka: ni kiu au ni ugonjwa?

Tangu ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo katika maeneo mengi kame ya Kenya, naulizwa swali hilohilo: mtarakwa wangu (Watanzania, mwangati) umeanza kukauka, niukate? Juzi nilimsaidia mzee jirani kuukagua wake. Tulifanya hivi.

1. Ujue mti wako. Mninga na mpingo hupukutisha majani kiangazi, ndiyo kawaida yao. Mtarakwa na mutamaiyo (mzeituni mwitu) haina tabia hiyo. Ikigeuka rangi, kuna jambo.

2. Kwangua gome. Anza kwenye vijiti vya mwisho, rudi kuelekea shinani. Kijani chenye majimaji ni uhai.

3. Simama mbali uutazame mti wote. Kiu huanza kukausha kileleni, tena miti ya aina mbalimbali kwa pamoja, ile iliyo juu ya mwamba ikitangulia. Ugonjwa huchukua mmoja, kisha wa jirani. Mtarakwa ukiwa kahawia ndani, karibu na shina, huku ncha zikiwa bado kijani, shika tawi. Likinata na kuacha masizi meusi mkononi, hao ni vidukari wa saipresi, walioonekana Malawi 1986 wakafika Kenya 1990.

4. Fukua shingo ya mti. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na hapa ndipo jibu lilipo. Ondoa udongo pale shina linapoingia ardhini, mpaka mizizi minene ionekane. Jembe liache nyumbani, maana kila kidonda unachotia mzizini ni mlango wa kuvu. Mimi hutumia kijiko cha bustani na mikono. Kisha inua kipande kidogo cha gome kwa ncha ya kisu. Unachotafuta ni utando mweupe, laini kama ngozi nyembamba, uliobana kati ya gome na mti wenyewe, wenye harufu ya uyoga mbichi. Hiyo ni armilaria, kuvu inayoozesha mizizi. Ukungu mweupe wa unga ulio nje ya gome hauhesabiki. Wala usikague upande mmoja ukaridhika: kuvu hii huweza kuwa kwenye mzizi mmoja tu, hivyo zunguka shina lote, hasa upande wenye kisiki cha zamani, kwa kuwa hujificha visikini miaka mingi. Ukikuta mchwa, usiwatwike lawama haraka. Mara nyingi wamefuata gome lililokwisha kufa. Vitundu vyenye unga wa mbao navyo vinaweza kuwa vya bungua waliovutwa na mti ulio dhaifu. Ukimaliza, rudisha udongo na ufute kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Usishangae ukikuta kiu na kuvu pamoja. Mti ukikosa maji hufunga vitundu vya majani ili usipoteze unyevu, lakini hapo hapo huacha kujitengenezea chakula. Akiba ya mizizini hupungua, utomvu wa kuziba vidonda nao unakuwa haba, na kuvu iliyokuwa imetulia hupata nafasi. Ndiyo maana mingine hufa mvua zikiwa zimesharudi.

5. Kama ni kiu: mwagilia polepole chini ya ncha za matawi, siyo shinani. Weka matandazo yasiyogusa gome. Mbolea hapana.

6. Kama ni armilaria: dawa za ukungu za dukani hunyunyizwa majanini, na adui yuko chini, kwa hiyo okoa pesa yako. Ng'oa mti na mizizi yake yote minene, choma. Miti mingine mnayopanga kukata, ivueni gome kwa kuzunguka shina muda mrefu kabla, jinsi mashamba ya chai yalivyokuwa yakifanya: mizizi humaliza wanga wake, na kuvu inakosa cha kula. Mche mpya upandeni mbali na shimo hilo.